Bibi wa Askari ni Mukaaji wa Wapi?

Mama,

Wiki hii wameniuliza ninaishi wapi, nikashindwa kujibu. Mimi Mwavita, mwenye mudomo huu unaoujua, ambaye ulikuwa unanifinya muguu chini ya meza ili niache kubishana na wakubwa, nilishindwa na mama mumoja wa biro ya serikali. Ndiyo maana ninakuandikia. Sijui nikuandikie kwa huzuni ama kwa hasira, maana viko vyote viwili na kila kimoja kinataka kutangulia.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, kama nitauweza.

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninakaa kwenye meza yako ya maharagi hapa Goma, soko la Katoyi. Sikuomba ruhusa kwa mutu. Asubuhi ya kwanza baada ya matanga nilienda tu, nikafungua gunia, nikakaa kwenye kile kiti chako chenye muguu mumoja mufupi. Mama Furaha wa meza ya pembeni, yule wa Bukavu anayeuza samaki wadogo wa sambaza, akaniona pale akalia. Akasema nimekaa upande upande kama wewe kabisa. Wateja wako wamebaki. Wanauliza bado, "Maharagi ya Kiwanja iko?" na mimi ninajibu iko, hata siku ambazo yametoka Masisi. Usinikasirikie, na wewe ulikuwa unafanya hivyo hivyo.

Sasa akapita mama mupya wa takse, wa kukusanya kodi. Si wale vijana uliowazoea, waliokuwa wanasikia jina la marehemu Papa na uaskari wake na kupita mbele. Huyu ana miwani, anaongea polepole, na hana haraka hata kidogo. Akaniambia meza ni ya marehemu, na marehemu hajawahi kulipa takse ya soko hapa hata mara moja. Mimi nikatoa jibu lako. Nikalitoa kichwa juu, vile ulivyokuwa unalitoa: "Sisi ni watu wa askari. Askari anahamishwa na amri, lakini bibi yake amri haimuhamishi. Tunalipa kule kwetu Kiwanja."

Akacheka, Mama. Hakucheka kwa ubaya. Alivua miwani, akapangusa macho, akaniuliza sheria hiyo nimeisoma wapi. Nikasema ni sheria ya Leta, ya serikali, ya siku nyingi, kila mutu anaijua. Akasema yeye pia ni mutu, na ndiyo kwanza anaisikia. Basi akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama nijiandikishe kuwa mukaaji wa hapa na kulipa takse hapa kama wengine, meza ibaki kwangu. Ama nibaki mutu wa mahali pengine, na meza ipewe mama mwingine anayengoja. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa dada, weye mwenyewe unaishi wapi?" Nikainama, nikajifanya ninachambua maharagi.

Maana ninaishi wapi, Mama? Nilizaliwa Walikale kwa sababu kikosi cha Papa kilikuwa kule. Nilianza shule Beni, nikaimalizia Bunia, nikaolewa hapa Goma, kambini, na askari mwingine, kama vile hakuna wanaume wengine duniani. Kila mahali tulikaa kwenye nyumba ya Leta. Kila mahali ulikataa kupiga misumari ukutani. Hata kioo cha Papa cha kunyolea ulikuwa unakiegemeza dirishani, na Papa akilalamika unamwambia ukuta si wetu.

Na kila mwezi wa kwanza wa mwaka, popote tulipokuwa, ulikuwa unavaa kikwembe chako, kile kitenge cha kijani, na kwenda Kiwanja kulipa. Hata kutoka Bunia, Mama! Watu wote wanaikimbia takse, wewe unapanda lori kuifuata. Tulikuwa tunakungoja na wadogo zangu, tukila bugali iliyoungua ya Papa, na Papa anakutania mbele ya marafiki zake: "Mama Mwavita ameenda kumuona bwana yake mukubwa, Leta ya Kiwanja. Mimi ni bwana mudogo tu." Ukirudi wanakurudishia maneno hayo, na wewe huwacheki. Siku moja ulimujibu Papa: "Wewe uko na namba yako ya jeshi. Mimi niko na nini?" Mimi nilidhani ni maneno ya bibi na bwana, nikaendelea kuosha vyombo.

Hata siku ya kukuzika swali lilikuwa ni hilo hilo, ila sikulisikia. Wanawake walikuwa wamekwisha kukuosha, tumekaa kwenye mukeka, na Mama Furaha akauliza taratibu kama tutakupeleka kwenu. Kwao Wakristo wanangoja mutu wa mbali afike, hakujua sisi hatungoji. Lakini nikajiuliza, kwenu wapi? Mutu mumoja akasema Kasongo, ulikozaliwa, na mwingine akamwambia Kasongo hakuna aliyebaki anayeijua hata sura yako. Mwingine akasema Kiwanja, si ndiko alikuwa analipa? Sanda ilikwisha kukatwa sisi bado tunabishana, mpaka imamu akatuambia maiti hangoji mabishano. Ukalazwa Goma kabla ya alasiri. Ninaishukuru dini yetu kwa hilo, maana tungeachiwa nafasi tungepigana.

Sasa habari ya Ramazani, na usianze kusonya. Mukwe wako amehamishwa. Ulimuacha yuko hapa, alibeba jeneza lako kwa bega lake na kulia kuliko wanao, na mwezi haukuisha amri ikafika: Kisangani. Kule amepewa chumba kambini, chumba cha mwenye bibi, chenye mulango unaofunga vizuri. Anakisifu kwenye simu kama amekijenga yeye. Nilipomueleza maneno ya takse akapandisha sauti, na unajua Ramazani si mutu wa kupandisha sauti.

"Mwavita, usitie jina lako huko. Ukisema uko mukaaji wa Goma, huku wataniweka pamoja na wale wasio na bibi. Bibi wa askari ni yule anayehesabiwa pamoja naye. Chumba watakipa mwingine."

Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Na weye kuya." Kuya! Nije tu, kama vile kwenda Kisangani ni kuvuka barabara kununua chumvi. Watoto wangu wako shuleni, meza iko hapa, udongo wa kaburi lako haujakauka, na yeye anasema kuya. Na akipewa amri ya Kananga nitakuya tena? Nikamukatia simu. Kisha nikajuta, nikampigia, akawa hana mutandao.

Lakini wewe ni mama yangu, nikuambie ukweli. Ninaogopa. Unaijua kambi. Nafasi ya bibi kambini haibaki wazi, ukiinuka kidogo utakuta mwingine amekalia. Mwanaume mwenye chumba na mushahara atasonga bugali mwenyewe mara mbili, mara ya tatu atasongewa. Ramazani ni mwema, ninampenda, na ninajua wema wake unafika wapi na njaa yake inaanzia wapi.

Basi hesabu ndiyo hii: nikiwa mukaaji, siko bibi. Nikiwa bibi, siko mukaaji, na meza iliyotulisha sisi wote tangu Papa afe inaondoka. Mama, nani alitunga kitu kama hiki? Na wewe uliwezaje kuwa vyote viwili?

Nilianza kuuliza watu. Nisingeuliza ingekuwa heri. Shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, akasema mutu ni mukaaji wa pale anapolala. Imamu akasema bibi anamufuata bwana yake, kisha akafikiri kidogo, akaongeza kwamba bwana naye ni lazima ampe bibi nyumba. Nikamuuliza chumba cha kambi ni nyumba? Akashika ndevu, akasema atauliza. Mama Furaha akasema takse ni kama mvua, inakunyeshea pale ulipo, haiulizi umetoka wapi. Ramazani naye alipopata mutandao akanitumia sauti ndefu, akisema askari anakatwa takse huko juu kabla mushahara haujamufikia, kwa hiyo bibi yake amekwisha kulipiwa. Kila jibu lilionekana la kweli mpaka mwingine alipofungua mudomo. Kichwa kilinizunguka mpaka nikamupimia mama mumoja maharagi mara mbili, na yeye wala hakunikumbusha.

Ndipo nikasema nitaenda Kiwanja kwenyewe. Kama sheria iko, iko kule, na nitaileta hapa niiweke chini ya miwani ya yule mama.

Nilimuachia Mama Furaha meza, nikavaa kikwembe chako cha kijani. Usiniulize kwa nini. Kinanibana kwenye makalio, wewe ulikuwa mwembamba. Ndani ya gari nilikaa dirishani, tukapita Kibumba na baridi yake, tukapita Rugari, na kila mahali nikajiuliza kama hapa ndipo ulikuwa unanunua yale mahindi ya kuchoma uliyokuwa unatuletea yamekwisha kuwa baridi. Tulikuwa tunayala hivyo hivyo, magumu kama mawe, kwa sababu yametoka safarini.

Kiwanja nilishuka katikati ya kelele za moto, zile pikipiki, na magunia, sijui hata kushoto wala kulia. Niliuliza biro iko wapi kwa mama mumoja anayeuza ndizi. Akakitazama kikwembe kabla ya kunitazama mimi. "Weye ndiye Mwavita?" Nikashtuka. Akapiga makofi, akawaita wenzake, wakanizunguka, wakaniambia wamesikia msiba wako na walikusomea hitma pale pale sokoni. Wakaniuliza Zaina amepona kikohozi? Walijua kikohozi cha mutoto wangu, Mama, watu ambao sijawahi kuwaona. Nililia nikiwa nimesimama na ndizi nne mukononi ambazo hawakutaka nizilipe.

Biro ni chumba kimoja, na ndani yake yuko Muzee Kambale, ambaye nadhani alipaswa kustaafu zamani lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alisimama nilipoingia. Akaniambia pole, pole sana, akaniweka kwenye benchi, akaniuliza ulikufa kwa nini na kama uliteseka. Nikamwambia ni presha, na hukuteseka sana. Kisha nikamuuliza kilichonileta: ile sheria ya bibi wa askari, ile inayosema bibi anabaki mukaaji wa mahali pa kwanza hata bwana akihamishwa, iko wapi niione?

Akanitazama. "Sheria gani?"

Nikairudia. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Mutoto wangu, sheria hiyo ni mama yako."

Nikueleze alichonieleza, ingawa wewe unakijua na mimi ndiye nilikuwa sikijui. Alisema ulikuwa bibi kijana, hata mimi sijazaliwa, na kambi ya Papa ilikuwa pale Kiwanja. Askari mumoja, jirani yenu, akafa vitani. Bibi yake akaambiwa atoke kambini, chumba kinangojewa. Akatoka na sufuria zake na mutoto mugongoni. Akaenda kwa shefu wa mutaa kuomba mahali, shefu akasema hawamujui, yeye ni mutu wa kambi. Akarudi kambini, wakasema yeye si mutu wa kambi tena. Akakaa njiani kati ya pande mbili, mvua ikimunyeshea, na kila upande unaonyesha upande mwingine. Muzee Kambale alisema ulimuona kwa macho yako, ukamupelekea chai.

Kesho yake ulikuwa mulangoni pa biro kabla hawajafungua. Ukasema, "Nimekuja munilipishe takse." Wakakuuliza ya nini. Ukasema yoyote. Wakakuambia huna duka, huna shamba, bwana yako ni askari, rudi nyumbani mama. Hukurudi. Alisema walidhani una ugonjwa wa kichwa, maana biro ile haikuwahi kumuona mutu anayekuja kuomba kulipishwa. Ulikaa kwenye benchi lile lile nililokalia mimi, ukasema maneno ambayo Muzee Kambale ameyashika mpaka leo: "Mutu munayemulipisha, hamuwezi kusema hamumujui."

Basi wakakulipisha. Walikutafutia takse ya muuzaji mudogo, na wewe ukaenda kutafuta kitu cha kuuza ili usiwe muongo. Ndivyo maharagi yalivyoanza, Mama! Maisha yangu yote nilidhani uliuza maharagi ili ulipe takse kama watu wengine, kumbe ulianza na takse.

Nikamuuliza, na hii ya amri haimuhamishi? Akasema ni maneno yako mwenyewe, uliyatunga ili wale wa miji mingine wakuache. "Na sisi tulikuwa tunapokea," akasema. "Nani atamukataa mutu anayetoka Bunia kuja kulipa?"

Nilikaa pale sijui nicheke ama nifanye nini. Na baada ya kucheka, hasira ikaja. Nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo sielewi. Papa alipokufa, na sisi pia, pamoja na mimi na Ramazani tuliokuwa tunakaa kwenu, tukaambiwa tutoke, wakati wako ulikuwa umefika. Ulikuwa na mahali. Ulikuwa umepalipia miaka yote ya ndoa yako, watu wanakujua, wangekupokea kwa vigelegele. Hukwenda. Mimi nilikuwa na mimba ya Zaina, miguu imevimba kama viazi, na Ramazani yuko porini. Ukapiga simu mbili tatu, ukapata nyumba hii ya mbao Katoyi, ukasema tu, "Hapa ni karibu na hospitali." Hukutaja Kiwanja hata kidogo. Na mwezi wa kwanza ulipofika ukavaa kikwembe, ukaenda kulipa kama kawaida!

Ulikuwa unalipia nini, Mama? Ulijitafutia pa kukimbilia, siku ya kukimbia ikafika, na ukabaki na mimi. Ni kwa ajili yangu? Kama ni kwa ajili yangu ungesema. Ama ulikuwa unalipa kwa sababu umezoea? Ama ulikuwa unalipia wale mama wa ndizi, ili mahali pamoja duniani pabaki watu wanaouliza habari za kikohozi cha mujukuu wako? Nimeligeuza hili kila upande. Nikidhani nimelielewa, linanitoroka. Ungeniambia, "Mwavita, hakuna sheria, niliitunga mimi kwa sababu niliogopa." Ningekucheka, halafu ningekukumbatia. Sasa nimebaki kuyasikia kwa muzee wa biro.

Muzee Kambale akaniona nalia, akafungua kitabu chake cha takse. Kisha akasema, "Nitie jina lako mahali pa jina la mama yako? Bibi wa askari, haiko vile?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Haki ya Mungu, neno lilifika kwenye meno. Ningekuwa kama wewe. Ramazani angebaki na chumba chake, mimi ningebaki bibi, na kila mwezi wa kwanza ningekula mahindi ya Rugari. Ila meza ingeondoka, maana yule mama wa miwani hatishiki na hadithi. Na kitu kingine kikanisimamisha. Nilikuwa nimeuliza njia ya biro. Mukaaji anaulizaje njia ya kwenda biro yake? Wewe ulipojiandikisha Kiwanja ulikuwa unaishi Kiwanja. Ulimuona yule mujane kwa dirisha lako. Hukutafuta mahali pa mbali pa kujificha, ulikamata pale pale miguu yako iliposimama. Sijui kama ninawaza vizuri. Niliwaza hivyo.

Nikamwambia asante muzee, acha kwanza. Akasema haina shida, lakini nisikawie, kwa sababu yeye pia ni mupita njia siku hizi. Nikanunua gunia la maharagi, ya Kiwanja kweli safari hii, nikarudi.

Jana nilienda kwenye biro ya Katoyi. Nilifika mapema, jinsi ulivyofika wewe, na sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nimesema nitampigia Ramazani kwanza, nikashika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Nikajiambia nikimupigia ataniomba, akiniomba nitakubali, na nikikubali nitakaa Kisangani nikingoja amri ya mutu ambaye hata simujui. Nikaingia.

Yule mama akavaa miwani. "Dada wa maharagi. Sasa umejua unaishi wapi?"

Nikasema, "Hapa."

"Tangu lini?"

Mama, swali rahisi hivyo lilinipiga tena. Tangu lini? Tangu tuje kambini? Kambi haikuwa Goma, ilikuwa Leta. Tangu tutoke kambini? Tulitoka tukisema sisi ni watu wa Kiwanja. Tangu ufe? Niliona aibu kusema nilingoja ufe. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye mustari, mumoja anakohoa ili niharakishe.

Nikasema, "Tangu leo."

Akainua macho. "Leo, saa hii?"

"Saa hii."

Akaniuliza kama nimeolewa, nikasema nimeolewa, na ninataka kubaki nimeolewa. Akauliza bwana anakaa wapi. Nikasema bwana wangu anakaa pale amri inamuweka, mimi ninakaa hapa. Hakucheka safari hii. Akasema naye alikuwa bibi wa askari, zamani, akaandika jina langu. Tulipomaliza akasema, "Mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Karibu kwenye jembe, mama." Nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe, maana hapa kwetu jiwe la kukalia halikosekani.

Halafu nikampigia Ramazani.

Nilimwambia yote bila kupumua: Kiwanja, Muzee Kambale, sheria ambayo haiko, wewe na takse yako ya kuomba, mimi na "tangu leo" yangu. Nikamwambia nimetia jina, na kwamba kama watakichukua chumba wakichukue, na kama kuna mutu atamusongea bugali aniambie mwenyewe nisisikie kwa watu. Nikamwambia sikumukataa yeye. Nilikataa kukaa njiani na sufuria siku atakapokufa, na wala simuombei afe. Maneno yalitoka ovyo, unanijua.

Nikaangalia simu kama haijakatika. Nilisikia watu wa kambi nyuma yake, mutu anaita mutoto, sufuria zinagongana. Nikajiambia basi, Mwavita, imekwisha, umeichagua meza ya maharagi.

Kisha akauliza, taratibu, "Kwako huko, mutu akitoka uwanja wa ndege, anapitia wapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia Ramazani, si umeishi humu ndani, si ulizibadilisha mbao hizi mwenyewe? Akasema anajua. Akasema alikuwa anakuja hapa kama mutu anayekuja kuchukua bibi yake kwa mama mukwe, hakuwahi kuangalia njia. Sasa anataka kuishika vizuri, ili likizo ikitoka asipotee. "Nieleze," akasema, "mimi nitakuwa mugeni wako."

Basi nikamueleza. Chukua moto, mwambie barabara ya Sake. Shuka pale wanaposhona viatu, usikubali akupeleke mpaka sokoni. Ingia upande wa mawe, pita bomba la maji lenye foleni ya bidoni, acha musikiti mukono wa kuume. Nyumba ya mbao, mulango wa bluu. Akairudia yote, neno kwa neno, kama vile wanavyorudia amri. Alipokosea mukono wa musikiti nilimusahihisha, akaanza tena tangu mwanzo.

Mama, bado sijui kama nimefanya vizuri. Chumba cha Kisangani labda kimekwisha kupewa mwingine ninavyoandika. Likizo ya askari unaijua, inaweza kutoka mwaka huu ama isitoke kabisa. Wivu haujaniacha, nao umejiandikisha hapa pamoja nami. Asubuhi ninaamka najisikia mukubwa kama gavana, na kabla ya jua kupanda ninataka kukimbilia ndege ya Kisangani. Kama ungekuwepo ungenifinya muguu, na mimi ningejua upande gani wa kwenda.

Ninakuaga kwa leo, maana gunia la Kiwanja halijafunguliwa na wateja wataanza kupiga kelele. Ninakuahidi hili: leo jioni nitapiga musumari ukutani, wa kwanza, nitundike kioo cha Papa. Na Zaina akiulizwa anaishi wapi, atajibu upesi kuliko mama yake. Mungu akulaze pema, Mama, na aniangalie na mimi niliyebaki juu ya ardhi.

Ni mimi mutoto wako,

Mwavita, mukaaji wa Katoyi.